Kabla ya kuchangia mbegu au mayai ya uzazi

Anza na sheria, kisha dhamiri, maana mbili hizi haziendi pamoja kila mara. Nchini Uingereza, anayechangia kupitia kliniki yenye leseni hahesabiwi kuwa mzazi: hana haki ya malezi wala deni la matunzo. Lakini mbegu hizo hizo zikitolewa nyumbani kwa mwanamke asiye na ndoa wala ubia wa kisheria (muungano wa wenza unaosajiliwa kama ndoa), mchangiaji ni baba mbele ya sheria na anaweza kudaiwa matunzo. Karatasi mliyosainiana mezani haibadilishi hilo. Hapa ndipo marafiki hunasa.

Usitegemee usiri. Sweden iliufuta tangu 1985. Uingereza, kwa waliochangia kuanzia Aprili 2005, humruhusu mtoto akifika miaka 18 kupata jina la mchangiaji. Hata pale sheria inapoficha, kipimo cha vinasaba cha binamu mmoja kinaweza kufichua.

Kabla ya kusaini, uliza ni familia ngapi zitatumia mchango wako (Uingereza mwisho ni 10), na hadi lini unaweza kuondoa ridhaa. Huko ni kabla mbegu, yai au kiinitete (yai lililokwisha kurutubishwa) hakijatumika katika matibabu.

Taja magonjwa yote ya ukoo. Ukigundulika baadaye na ugonjwa wa kurithi, ijulishe kliniki mara moja, hata ikiwa miaka 20 imepita. Wajibu huu husahaulika mno. Mweleze pia mwenzi wako na wanao, kabla mgeni hajabisha hodi.