Kufuatilia njia ya kuona mgonjwa akiwa nusu kaputi: usiiamini VEP bila ERG

Uvimbe wa tezi ya pituitari unakaa chini tu ya pale neva za macho mawili zinapokutana, na mgonjwa akishalala huwezi kumuuliza kama anaona, ndo maana tunatumia VEP, yaani tunamulika macho halafu tunasoma umeme unaofika nyuma ya ubongo.

Kwanza ongea na daktari wa usingizi mapema, jana yake ikiwezekana. Mwombe atumie propofoli ya dripu pamoja na dawa ya maumivu, asitumie gesi kama sevofluraini, maana gesi inaliua wimbi la VEP hata kama neva ni nzima. Dawa ya kulegeza misuli haina shida, tena inasaidia rekodi iwe safi.

Mgonjwa akishalala weka elektrodi Oz, O1 na O2 (majina ya sehemu za kichwani) kisogoni, na elektrodi ya rejea, yaani ya kulinganishia, Fz mbele ya kichwa au nyuma ya masikio. Halafu sindano ndogo za ERG (umeme wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kwenye kona ya nje ya kila jicho, na hapa naomba usiruke kabisa! ERG inakuambia retina imepata mwanga au haijapata, bila hiyo VEP ikishuka utabaki unakisia tu. Funga kope, linda konea (kioo cha mbele cha jicho), ndo uweke miwani ya taa nyekundu za LED, uibane vizuri maana kama wanapasua kwa kupitia mbele ya kichwa ngozi ya paji ikikunjwa inaisukuma miwani.

Mulika jicho moja moja, kama mara 1.1 kwa sekunde, usiweke namba inayogawanya 50 kamili kwa sababu umeme wa ukutani ni hezi 50 na utakuingilia. Jumlisha miale kama 100 upate averaji, tafuta N75 na P100, yaani wimbi hasi na wimbi chanya (namba ni milisekunde toka mwanga umulike, ila kwa mwanga wa kumulika zinasogea kidogo). Rudia, mawimbi yakifanana hiyo ndo besilaini, yaani kipimo cha mwanzo cha kulinganishia. Daithemi (kifaa cha umeme cha kukata na kuzuia damu) ikiwaka simamisha rekodi.

Wengi tunapiga kengele kimo cha wimbi kikipungua kwa 50% toka besilaini. Likishuka angalia ERG hapohapo, kama nayo imelala basi ni miwani imehama au taa imekufa. Kama ERG iko poa ila VEP imeshuka, mwambie daktari mpasuaji kwa sauti asimame aache kuvuta, huku mwenzake wa usingizi anaangalia presha, oksijeni, joto la mwili na kama dawa imeongezwa ghafla, mara nyingi wimbi linarudi wakiachia.

Ila mgonjwa aliyekuja akiwa karibu haoni kabisa unaweza usipate wimbi toka mwanzo, mpime kabla na umwambie mpasuaji ukweli. Na VEP ikibaki nzima usimuahidi mtu kwamba upeo wa kuona wa pembeni haujaguswa, mwanga huu unapiga retina yote kwa pamoja kwa hiyo kipande kidogo cha kuona kikipotea wewe hutakigundua.