Kuhamia jimbo jingine Marekani: jinsi ya kutafuta shule na kuandikisha watoto

Wengi wetu tunaohama Texas kwenda Iowa, Kentucky au Ohio hutafuta kazi kwanza, halafu nyumba ya kodi nafuu. Shule tunaikumbuka wiki moja kabla masomo hayajaanza. Geuza mpangilio huo. Shule ya umma huku hufuata anwani: nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa katika wilaya tofauti za shule, na ukishatia sahihi mkataba wa mwaka mzima, shule umeshaichagua, ujue usijue.

Kwa hiyo hatua ya kwanza huja kabla ya kulipa dipoziti. Chukua anwani ya kila nyumba unayoifikiria, ingia kwenye tovuti ya wilaya ya shule ya mji huo, utafute mahali pa kuingiza anwani. Utaonyeshwa shule ya msingi, ya kati na ya sekondari. Tangazo la nyumba likisema "karibu na shule nzuri", lipuuze. Mipaka hubadilika na mwenye nyumba hafuatilii. Piga simu wilayani uthibitishe. Kiingereza kikikusumbua, taja Kiswahili na uombe mkalimani. Ni haki yako na hulipii, na si kazi ya binti yako wa miaka kumi na miwili kukutafsiria.

Hatua ya pili ni kuipima shule yenyewe. Tovuti ya GreatSchools hutoa alama 1 hadi 10, na wazazi huziamini kupita kiasi. Alama hizo huegemea sana mitihani, na matokeo ya mitihani hufuata sana mifuko ya wazazi. Mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mitatu iliyopita anahitaji jibu la swali jingine: wanaojifunza Kiingereza pale wanasonga mbele? Tangu sheria ya elimu ya 2015, kila jimbo lazima litangaze ripoti ya kila shule, na jambo hilo limo, pamoja na idadi ya wanaohitimu na fedha zinazotumika kwa kila mwanafunzi. Ripoti iko kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Ukishaisoma, ipigie shule uulize: walimu wa Kiingereza kwa wageni ni wangapi, na wapo kila siku au wanazunguka shule nne? Basi linafika kwenye anwani hii? Mimi shule ya alama 5 yenye walimu watatu wa namna hiyo naichukua mbele ya ile ya 9 inayotembelewa na mwalimu mmoja kila Jumanne.

Shule za chata (charter, zinazojiendesha kwa mkataba maalumu) na zile zenye mkazo maalumu, kama sayansi au sanaa, nazo ni za umma na hazina ada, ila nafasi hupatikana kwa maombi, mara nyingi kwa bahati nasibu, na maombi mengi hufungwa miezi kadhaa kabla. Ukihama Julai, usizitegemee.

Hatua ya tatu, karatasi, imalizike kabla hujaondoka. Omba shule ya zamani ikupe nakala za alama, chanjo, majaribio ya Kiingereza, na mpango wa IEP kama mtoto ana mahitaji maalumu. Sheria ya FERPA inaipa shule hadi siku 45 kukuonyesha rekodi, basi usingoje wiki ya mwisho. Zibebe mkononi, zisipande lori la mizigo. Ukiwa na IEP, shule mpya lazima impe mtoto huduma zinazolingana na zile za awali wakati inamtathmini upya.

Mwenye kijana wa sekondari aangalie kredi, yaani pointi za masomo aliyofaulu, kwa jicho kali. Ohio hudai 20 ili mtu ahitimu. Texas hudai 22, na wengi hufikisha 26. Kijana wetu alirudishwa kusoma aljebra aliyokwisha kuifaulu kwa sababu jina la somo lilikuwa limefupishwa kwenye karatasi yake, na tulihangaika hadi Oktoba. Omba maelezo mafupi ya kila somo alilosoma.

Mwenye mdogo wa chekechea aangalie tarehe ya kuzaliwa. Mtoto hutakiwa awe ametimiza miaka 5 kufikia Septemba 1 huko Texas, Septemba 15 Iowa, na Agosti 1 Kentucky. Aliyezaliwa Septemba 10 anaanza Iowa mwaka ambao Texas ingemwambia asubiri.

Siku ya kuandikisha, nenda na mkataba wa nyumba au bili ya umeme, cheti cha kuzaliwa au uthibitisho mwingine wa umri, kadi ya chanjo na kitambulisho chako. Chanjo zinazodaiwa hutofautiana kwa jimbo. Hali ya uhamiaji haimzuii mtoto kusoma: Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler v. Doe. Kama mmepoteza makazi au mmekwama kifedha na mmejibana kwa shemeji, taja McKinney-Vento, sheria ya elimu ya watoto wasio na makazi. Kila wilaya ina mtu wa kushughulikia sheria hiyo, na mtoto huanza mara moja hata karatasi zikiwa hazijatimia.

Utapewa fomu ya lugha ya nyumbani. Andika ukweli: Kiswahili, Kibembe, Kirundi, chochote mnachozungumza. Wengine huandika Kiingereza wakiogopa mtoto kurudishwa nyuma, kisha mtoto anakaa mwaka mzima bila msaada. Fomu hiyo humpeleka kwenye jaribio la Kiingereza tu. Akiandikishwa mwanzoni mwa mwaka, barua ya matokeo inatakiwa ikufikie ndani ya siku 30 tangu masomo yaanze, na ukiona programu ya msaada wa Kiingereza aliyopangiwa haimfai, una haki ya kuikataa.

Kabla hujatoka ofisini, ulizia chakula cha mchana cha shuleni na namba ya idara ya usafiri ya wilaya. Basi lisipotokea asubuhi ya kwanza, hiyo ndiyo namba ya kupiga.