Kabla ya Kuchora Zahanati ya Kisiwani

Ramani nyingi za zahanati za visiwani huchorwa hapa Mombasa, ofisini kwenye kiyoyozi, na huanzia mlangoni. Mimi ningeanzia gatini. Nenda siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Sasa tazama mama mwenye uchungu atapakiwaje mashuani. Kuna kisiwa nilikoona ngazi za gati zikiishia hewani, chini yake matope na chaza wenye makali. Jengo lenyewe lilikuwa zuri sana.

Manahodha watakwambia lililobaki: kusi, upepo utokao kusini, likishika, tangu Aprili hadi kama Septemba, kuna siku mashua haivuki. Kwa hiyo stoo ya dawa ipimwe kwa siku hizo, na mzigo mkubwa ufike Machi, kaskazi, upepo utokao kaskazini, likiwa linakatika.

Maji yanataka hesabu. Visima vya kwenye matumbawe mara nyingi ni vya chumvi, ndiyo maana wazee walijenga jabia, matangi ya kuwekea maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Mvua ikiwa kama ya Mombasa, yaani milimita 1,000 hivi kwa mwaka, paa la mita 10 kwa 12 hukinga lita 120,000. Toa moja ya tano inayopotea, ubaki na kama lita 260 kwa siku. Zinatosha kunawa, kunywa na kuzalisha, si kumwaga chooni. Choo kipewe maji ya kisima. Na tangi liwe kubwa, kwani mvua haiji kila siku.

Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, mchana na usiku. Friji iwe na sola yake, isichangie betri na taa wala simu za watu. Zege lisichanganywe kwa mchanga wa ufuoni wala maji ya bahari: chumvi huila nondo ndani kwa ndani, na fundi keshaondoka.

Kuhusu kiwanja, uliza mapema kama ni wakfu, yaani mali iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani.

Wenyeji usiwaulize barazani tu baada ya sala ya Ijumaa, maana hapo utasikia wanaume. Wafuate kina mama kisimani, uketi na mkunga. Huenda wasiseme neno juu ya vitanda, wakakuuliza mlango wa chumba cha kuzalia unaelekea wapi, na kama anayepita njiani ataona ndani.