Mpime msambazaji wa dagaa wakati wa mbalamwezi

Ukitafuta msambazaji wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, awe wa kulisha shule ya bweni, kambi ya jeshi au duka la jumla, oda ya majaribio mpe wiki ya mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwaka hawafuati taa vizuri, kwa hiyo mzigo hupungua. Wakati wa giza kila mtu ana dagaa na kila mtu anaonekana mwaminifu. Mbalamwezi ndiyo inayoonyesha nani ana akiba ghalani na nani ana watu visiwani Ukerewe na Kome pia, si mwalo (mahali pa kushushia samaki) mmoja tu. Andika siku aliyoahidi na siku aliyofika, kisha chekecha mchanga kabla ya kupima kilo (hapo ndipo wengi wanapokuumiza). Akichelewa lakini akapiga simu mapema, mimi humhesabia vizuri kuliko aliyeleta nusu kimyakimya. Masika kipimo hiki hakifai: jua la kuanikia likikosekana wote wanakwama, hata wazuri. Tena jaribio moja linaweza kuwa bahati. Rudia mwezi unaofuata.