Kuchonga beji ya ukoo wa Kiskoti: muulize mteja kabla hujashika patasi

Mteja akifika barazani na picha kwenye simu, akakwambia "nataka ngao ya ukoo wangu", mpe kiti kwanza. Mimi sikumpa kiti, nilichukua vipimo. Ndiyo maana naandika haya.

Mimi ni fundi nakshi hapa Bagamoyo, karibu na Barabara ya India. Kazi nilifunzwa na mjomba wangu: milango, makasha, fremu za vioo, na siku hizi vibao vya wageni. Mgeni huyo alikuwa Mskoti, ubini wake Cameron, na picha aliiokota mtandaoni. Nikamchongea kila nilichokiona: ngao yenye mistari mipana mitatu, mishale, duara tupu la kuzunguka, na manyoya matatu ya tai yamesimama juu. Siku tisa. Mninga mkavu, kazi safi. Akalipa, akanikumbatia, akapanda ndege. Wiki mbili hazijaisha ikaingia sauti ya WhatsApp ya dakika kumi na moja. Baba yake mdogo alikitazama kile kibao mara moja tu, akamuuliza: "Wewe umekuwa chifu lini?"

Basi nikakaa kusoma, na yule mteja, Mungu ambariki, akanivumilia kwa maswali yangu mpaka kibao cha pili kikatoka sawa. Haya ndiyo ninayoyafuata sasa.

Anza na nasaba. Neno "clann" kwa Kigaeli ni watoto. Ile "Mac" unayoiona kwenye majina yao ni "mwana wa", sawa na bin yetu. Hawa kina Cameron ni watu wa Lochaber, magharibi ya nyanda za juu za Uskoti, upande ule wa mlima Ben Nevis, na chifu wao huitwa Lochiel. Jina Cameron wenyewe hulifasiri "pua iliyopinda". Usicheke, kila mtaa hapa una Kipara wake na jina limewashika wajukuu wenye nywele tele.

Ukoo una milango, nami kama mtu wa milango neno hilo linanipendeza. Mlango mkuu ni wa Lochiel, halafu kuna Erracht, Fassfern, Callart na mingineyo. Muulize mteja wake ni upi. Wengi hawajui. Swali hilo litamfanya ampigie simu mama yake, nawe utapata nafasi ya kunywa kahawa. Usilidharau: mtu akijua babu yake alitoka wapi, anakuja na picha sahihi badala ya ile ya duka la mtandaoni.

Maana hapo ndipo penye mtego. Yako maduka yanayouza "ngao ya jina lako" kwa kila ubini duniani. Kwa sheria ya Uskoti hakuna ngao ya ubini. Ngao ni mali ya mtu mmoja, imeandikwa kwa jina lake kwenye daftari la Lord Lyon, afisa wa nembo aliyeko Edinburgh mwenye mahakama yake kabisa. Daftari hilo lilianza baada ya sheria ya mwaka 1672 na bado linaandikwa. Hata mtoto wa mwenye ngao haichukui hivihivi: mdogo anaongezewa alama ya kumtofautisha, pengine pindo la kuzunguka, ndipo iwe yake. Ngao nyekundu yenye mistari mitatu ya dhahabu niliyoichonga mimi ni ya Lochiel. Kwa hiyo nilichomfanyia mteja wangu ni kama kumchongea mtu muhuri wa mwenyekiti wa kijiji akautundike sebuleni.

Sasa mtu wa kawaida wa ukoo anaruhusiwa nini? Beji. Na beji ukiitazama kwa jicho la pwani utaielewa mara moja, kwa sababu ni kanga: ina mji, ina pindo, ina jina.

Mji ni kile kishungi, yaani ile alama inayokaa juu ya kofia ya chuma kwenye nembo ya chifu. Kwa kina Cameron ni mishale mitano iliyofungwa pamoja kwa utepe mwekundu. Pindo ni mkanda wa ngozi wenye bizimu, umezunguka mishale. Mkanda huo ndio unaosema "mimi ni mtu wa chifu, si chifu". Chifu mwenyewe hana mkanda, ana duara tupu, na nyuma yake manyoya matatu ya tai. Kiongozi wa mlango huvaa mawili, mwenye ngao yake iliyosajiliwa moja, na wengine wote hawavai unyoya. Mimi nilimpa mteja wangu duara na manyoya matatu. Baba mdogo alikuwa na haki ya kuuliza.

Jina la kanga hii ni "Aonaibh ri chéile", Kigaeli, nalo linawaambia waungane. Likariri herufi kwa herufi, nitalirudia.

Historia nayo ijue kidogo, kwa sababu mteja atakaa anaongea wakati wewe unapiga nyundo, na yapo mambo ya kutofanyia utani. Kina Cameron waligombea ardhi ya Loch Arkaig na kina Mackintosh kwa karne tatu hivi, kwa damu na kwa mahakama, mpaka mwaka 1665 Ewen Cameron alipokubali kuilipia. Huo ni ugomvi wa mashamba, kila Mtanzania anaujua. Kidonda chenyewe ni cha baadaye. Mwaka 1745 Charles Edward Stuart alikuja kudai kiti cha ufalme wa Uingereza kwa ajili ya baba yake. Donald Cameron, Lochiel wa wakati ule, alisita kwanza, halafu tarehe 19 Agosti akawateremsha watu wake Glenfinnan wakajiunga. Bila yeye pengine jambo lingeishia palepale. Tarehe 16 Aprili 1746 wakapigwa na jeshi la serikali huko Culloden, vita havikufika hata saa moja. Lochiel aliumizwa vifundo vyote viwili vya miguu, akabebwa, akatorokea Ufaransa, akafia huko 1748. Nyumba yake ya Achnacarry ilichomwa moto. Mdogo wake Archibald, tabibu, alikamatwa baadaye na kunyongwa London mwaka 1753. Serikali ikapiga marufuku hata mavazi yao, na katazo hilo halikuondolewa mpaka 1782. Mashamba yalirudishwa 1784.

Mteja aliponisimulia haya nilisimamisha patasi. Nikamwambia sisi tuna Bushiri bin Salim, aliyenyongwa na Wajerumani Pangani, Desemba 1889. Akauliza kama ana beji. Nikamwambia hana.

Kuna Cameron mwingine ambaye ukimtaja mteja atafurahi. Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliondokea hapa hapa Bagamoyo mwaka 1873 kumfuata Livingstone. Alipofika Tabora akakutana na kina Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, wamebeba maiti ya bwana wao. Wao wakaendelea kuja pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874, na mwili ukapumzishwa kwenye kanisa la misheni, pale penye mnara. Cameron yeye akasonga magharibi mpaka akatokea pwani ya Angola mwaka 1875. Baada ya kazi mimi humwonyesha mteja ule mnara bure.

Tuje kwenye ubao. Chukua mninga uliokauka vizuri, unene wa sentimita nne, kipenyo kisizidi sentimita thelathini ili uingie begi la mkononi. Mkongo unafaa pia, ila nyuzi zake hugeukageuka na mishale hutaka nyuzi zilizonyooka. Mpingo usipewe mteja wa beji, utavunja patasi na bei itamvunja yeye.

Piga duara mbili kwa bikari: ya nje ni ukingo wa mkanda, ya ndani iache nafasi ya sentimita nne za mkanda wenyewe. Bizimu liweke chini, ncha ya mkanda ipite ndani yake na kuning'inia. Kabla hujachora mishale, panga herufi. Nakuomba sana, herufi kwanza.

"Aonaibh ri chéile" ina herufi kumi na tano na nafasi mbili, jumla kumi na saba. Katikati yake ni ya tisa, nayo ni R. Kwa hiyo R inakaa juu kabisa, saa sita, halafu unashuka nayo pande zote mbili. Lakini subiri: I ni nyembamba, na upande wa kushoto wa R kuna moja wakati kulia ziko mbili. Ukigawa nafasi sawasawa, kulia kutalegea kama kanzu ya kuazima. Isogeze R robo ya herufi kwenda kulia, I zipe nusu ya nafasi, na maneno yatakaa. Mimi hukata herufi za karatasi nikazipanga juu ya ubao kwanza, nikasimama, nikazitazama kwa mbali.

Na ile alama juu ya E ya "chéile" si mkwaruzo wa kioo cha simu. Mimi nilidhani ni mkwaruzo. Kwenye ile sauti ya dakika kumi na moja, dakika mbili nzima zilikuwa za alama hiyo. Ichonge kwa pigo moja la patasi ya robo inchi, imeinama kulia, basi.

Mishale sasa. Mmoja usimame katikati, miwili miwili ikingamane pembeni. Huo wa katikati ulaze sambamba na nyuzi za mti. Ile ya pembeni itakata nyuzi kwa mshazari, na hapo ndipo inapovunjika, kwa hiyo usiichimbue chini ikabaki hewani. Iache imekaa juu ya ubao, kina cha milimita sita kinatosha, kivuli kitafanya kazi iliyobaki. Amua mapema upi unapita juu ya upi, uandike kwa penseli 1 hadi 5. Nimeona beji ambayo mshale unaingia chini ya mwenzake na kutokea juu yake. Bobari ndogo itumie kuzunguka manyoya ya mishale, utepe uuache mwisho.

Utepe ni mwekundu, na hapa kuna siri niliyoipenda kuliko zote. Wataalamu wa nembo wana namna ya kuandika rangi kwa mistari. Padre Mjesuiti aliyeitwa Silvester Petra Sancta aliieneza karne ya 17. Mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, vitone ni dhahabu, wima na mlalo pamoja ni nyeusi, na pasipo kitu ni fedha. Fundi nakshi hahitaji kopo la rangi! Vuta mistari ya wima kwenye utepe kwa ncha ya patasi, na mwenye kujua atausoma mwekundu. Mteja akitaka rangi hata hivyo, mpakie, ila mishale iache rangi yake ya asili, ndivyo nembo inavyosema. Tartani, kile kitambaa chao cha miraba, usijaribu kukichonga. Nilijaribu kwenye pembe za kibao. Kilitoka kama chandarua.

Ukipata mteja wa ukoo mwingine, yote haya yanabaki vilevile ila kishungi na jina, na utahitaji kujua kulia ni wapi. Kulia kwa nembo ni kulia kwa aliyeishika ngao, yaani kushoto kwako wewe unayeitazama. Mnyama hutazama upande huo. Kina Campbell, kwa mfano, wana kichwa cha nguruwe mwitu dume, na jina lao ni la Kilatini, "Ne obliviscaris", usisahau. Pua ielekee kushoto kwako. Kijana wangu wa kazi alikataa kukigusa hicho kichwa, nami sikumlazimisha, nilimpa mkanda na herufi, kichwa nikamaliza mwenyewe jioni. Ukipakua picha angalia isije ikawa imegeuzwa na simu. Herufi zikisomeka vizuri, mnyama naye yuko sawa.

Msasa anza na namba 120, malizia na 240, lakini usiupitishe juu ya herufi, utazila kingo. Nta ya nyuki inapendeza kuliko vanishi, na haing'ai kama sinia. Ukipaka vanishi wakati wa masika, ngoja siku mbili kamili, na kibao usikifunge kwenye nailoni hata mteja akikuharakisha kwa sababu ya boti. Kifunge kwa gazeti. Tundu la msumari litoboe nyuma, juu kidogo ya usawa wa R.