Kupanda mlima na mbwa wakati wa kiangazi: Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Kiangazi cha Nyanda za Juu Kusini hudanganya. Alfajiri ya Agosti hutoki nje Mbeya mjini bila sweta, na saa saba mchana mgongo wa mbwa mweusi haushikiki kwa joto. Anayetaka kutembea milimani na mbwa wake, na arudi akiwa ameona wanyama, aanze na mambo mawili: aondoke mapema, na kamba isitoke mkononi.

Kuchagua njia

Futa kwanza sehemu ambazo mbwa haendi. Hifadhi za Taifa haziruhusu mnyama wa kufugwa, na hilo linazihusu Kitulo na Ruaha pia. Mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa virusi unaobebwa na mbwa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio waliohusishwa na chanzo chake. Mbwa anayeonekana mzima anaweza kuacha virusi njiani.

Msitu wa Mlima Rungwe nao uuache. Ni makazi ya kipunji, kima adimu ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 na ambaye hapatikani popote duniani nje ya Tanzania. Wawindaji haramu hutumia mbwa misituni, hivyo mlinzi akikukuta humo na mbwa ana kila sababu ya kukushuku. Njia ya Ziwa Ngozi tunashauri uiende siku nyingine bila mbwa: juu ni msitu mnene wenye mbega, ukingo wa kasoko (shimo la volkano) ni mkali, na mbwa anayevuta kamba pale ukingoni ni hatari kwake na kwako.

Zinazobaki zinatosha. Kwa Mbeya mjini, nzuri zaidi ni miteremko ya nyasi na mikaratusi inayopanda kuelekea kilele cha Loleza (mita 2,656). Safu hiyo ni hifadhi ya msitu, kwa hiyo pita ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) uulize kuhusu kibali, na uwaeleze wazi kwamba una mbwa. Kileleni kuna minara ya mawasiliano. Geuza kabla hujaifikia. Uporoto kuna barabara za mashambani zenye upepo wa baridi. Mufindi kuna njia za mashamba ya chai, lakini ni mali za watu, omba ruhusa kwanza. Aliye Iringa mjini aanze na mwamba wa Gangilonga kama zoezi la asubuhi, ashuke kabla jiwe halijashika moto.

Je, mbwa wako yuko tayari?

Mbwa aliyezoea kulala getini hapandi mita 700 kwa siku moja bila kuumia. Mpe wiki tatu. Wiki ya kwanza nusu saa kila siku, ya pili saa moja, ya tatu saa mbili zenye kilima. Nyayo zinahitaji muda huo kukomaa kuliko hata mapafu. Mbwa wa chini ya mwaka mmoja, mzee, mnene, au mwenye pua fupi asipandishwe kabisa kiangazi. Mbwa wa kienyeji wa kilo 12 hadi 18 mwenye manyoya mafupi ndiye anayeimudu milima hii kuliko mbwa mkubwa wa manyoya mazito.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe imechomwa angalau siku 30 kabla ya safari, maana kinga haiji siku hiyohiyo. Ongeza ya distempa na ya pavo, virusi vinavyoshambulia utumbo wa mbwa. Dawa ya minyoo mpe kila miezi mitatu: kuna tegu wa mbwa ambaye mayai yake hutoka na kinyesi, kisha huingia kwa mbuzi, kondoo na binadamu. Dawa ya kupe ipakwe siku mbili au tatu kabla, kwa kipimo cha daktari wa mifugo. Usichote dawa ya josho la ng'ombe ukakisia mwenyewe.

Mzigo

Kamba ya mita mbili, imara, isiyo ya kujikunja. Mnyororo unapiga kelele na wanyama wanausikia kabla yako. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani badala ya shingo, kwa sababu mbwa akiteleza kwenye mteremko unamnyanyua bila kumkaba. Usipoupata dukani, fundi viatu anaweza kushona wa turubai wenye bizimu mbili. Mwambie aache nafasi ya vidole viwili kati ya mkanda na mwili, na usimguse makwapani, ndipo unapochubua.

Maji ndiyo watu wanayopunja. Mbwa aliyepumzika anahitaji kama mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akipanda mlima juani, zidisha mara mbili. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni lita moja na nusu ya kunywa. Beba lita moja zaidi isiyoguswa, ya kumpoza akizidiwa. Usitegemee vijito: kufikia Septemba vingi vimebaki madimbwi, na karibu na mashamba ya viazi mviringo watu huchanganyia dawa ya ukungu palepale majini. Maji ya josho ni sumu. Chombo cha kunyweshea kata kwenye kitako cha dumu la lita tatu, lainisha kingo zake kwa moto.

Vingine ni vichache: bandeji mbili (moja itafunga mdomo wa mbwa akiumia, maana mwenye maumivu humng'ata hata bwana wake), kibanio cha kutolea kupe, shuka nene la kumbebea, kipande cha sabuni, koleo dogo la kuchimbia, na darubini. Dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki na ibuprofeni hasa, zinaua figo na kutoboa tumbo la mbwa. Usimpe hata nusu kidonge.

Chakula kikuu ale jioni iliyotangulia. Asubuhi asishibe. Njiani mpe matonge madogo ya ugali na dagaa kila mnapopumzika. Mwenzako asimrushie kokwa la parachichi, linaziba utumbo. Wala vitunguu, zabibu, chokoleti au makadamia.

Saa za kutembea

Mbeya iko magharibi mno ya nchi, kwa hiyo jua la utosi hufika karibu saa saba, si saa sita, na ardhi huendelea kupata joto hadi saa tisa. Anza kunapopambazuka, yaani saa kumi na mbili na nusu. Panda kwa mwendo wa mita 250 hadi 300 za kimo kwa saa. Saa nne ikifika geuza, hata kama kilele unakiona. Tunasisitiza hili kwa sababu juu kuna upepo na mbwa anaonekana mzima kabisa. Joto linamkuta akishuka, amechoka, na kila mita 1,000 unazoshuka huongeza karibu nyuzi sita. Saa sita mwe mmeshafika chini, au mmejibanza kwenye kivuli mkingoja saa kumi.

Kila dakika 20 simama, mpe mililita 100 hadi 150. Akifakamia nusu lita kwa pumzi moja kisha akapanda mbio, tumbo linaweza kujaa hewa na kujisokota. Pajaribu ardhini kwa mgongo wa mkono: usipoweza kuuacha hapo hadi sekunde saba, yeye pia hawezi kupakanyaga.

Kuona wanyama ukiwa na mbwa

Wengi huamini kwamba ukiwa na mbwa huoni kitu. Ni kweli kwa mbwa aliyeachiwa. Aliyefungwa kamba fupi ni kinyume chake: pua yake inajua kilichopo mbele yenu kabla ya macho yako. Jifunze kumsoma. Akinyanyua pua na kupunguza hatua, harufu inaletwa na upepo, angalia upande upepo unakotoka. Masikio yakisimama na mguu mmoja ukabaki hewani, mnyama yuko karibu. Nywele za mgongo zikisimama, usiendelee kabla hujajua ni nini. Hapo mketishe chini, kanyaga kamba karibu na mkanda, ndipo utoe darubini. Mzoeshe nyumbani kuketi kimya dakika tano kwa kumtuza dagaa. Bila zoezi hilo mlimani hatalifanya.

Tembea upepo ukikupiga usoni. Kaa mbali na mnyama kama urefu wa nusu uwanja wa mpira. Akiacha kula akakutazama, mmeshafika karibu mno. Rudini nyuma taratibu.

Kwenye miamba tafuta pimbi asubuhi, wanapoota jua kabla ya kwenda kula. Wakipiga mlio mkali wote wakatoweka, angalia angani pia, huenda ni tai na si nyinyi. Kwenye maua ya protea na vichaka vya maua ya rangi ya machungwa simama tu, chozi, ndege wadogo wanaonyonya nekta, watakuja wenyewe. Mwewe wa milimani mwenye mkia mwekundu huning'inia juu ya matuta upepo ukianza, kama saa tatu. Vinyonga huonekana vizuri zaidi asubuhi wakiwa bado wamepoa na wazito. Mbwa huwanusa na kuwauma, kwa hiyo mvute kando mapema. Kinyesi cha mondo au mbweha kikiwa njiani usimwache akilambe.

Nyani ni suala jingine. Dume la nyani lina meno marefu kuliko ya mbwa na halipigani peke yake. Ukisikia mbweko mzito kutoka kwenye miamba, fupisha kamba, geuka bila kukimbia, pita mbali. Mbwa aliyeachiwa huwakimbiza hatua ishirini, kisha wao wanamgeukia.

Nyuki nao wanaweza kumuua mbwa. Mizinga hutundikwa mikaratusini, na mbwa akibweka au kujikwangua chini yake huamsha kundi zima. Ukiona mzinga, zunguka mbali. Wakishatoka, kimbieni pamoja bila kusimama, mpaka waache kuwafuata.

Watu na mifugo njiani

Njia hizi ni za watu waendao shamba. Wengi wanaogopa mbwa, na wapo ambao imani yao hairuhusu mate ya mbwa yaguse nguo zao. Ukiona mtu anakuja, toka njiani upande wa bonde, mketishe mbwa nyuma ya miguu yako, na utoe salamu wewe kwanza. Mzee mpe shikamoo yake. Ng'ombe na mbuzi wapishe vivyo hivyo. Mbwa wa kijiji wakija mbio, usikaze kamba, maana wako ataona ni vita. Endelea kutembea, ukiinama tu kama unaokota jiwe, mara nyingi hugeuka.

Kinyesi kifukie sentimita 15 chini, mbali na kijito hatua 70 au zaidi. Maji ya bomba ya vijiji vingi huku yanatoka kwenye vijito hivyohivyo.

Mambo yakiharibika

Joto ndilo linaloua haraka. Dalili: anahema bila kutulia hata kivulini, mate mazito, ufizi mwekundu sana, kisha anapepesuka au kutapika. Usianze kumbeba kwenda mjini. Mpoze palepale: kivulini, mwagia ile lita ya akiba tumboni, mapajani, makwapani na shingoni, huku mwingine akimpepea kwa shati. Usimfunike kitambaa kilicholowa ukakiacha, kinafungia joto ndani. Akipata fahamu mpe maji kidogokidogo, kisha daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata akionekana amepona, kwa sababu figo huweza kuharibika baadaye.

Kifutu hakimbii. Hulala nyasini kando ya njia, na mbwa huumwa puani au mguuni. Mvue mkanda, mbebe kwa shuka asitembee, piga simu kwa daktari mkiwa njiani. Usichanje, usifunge kamba, usinyonye. Swila akimtemea machoni, osha kwa maji mengi dakika 15.

Mbwa mgeni akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja kwa chanjo.

Septemba na Oktoba nyasi huchomwa. Moto hupanda mlima haraka kuliko mtu. Ukiona moshi chini yenu, msipande zaidi. Pitieni pembeni hadi kwenye ardhi iliyokwisha kuungua au njia pana.

Mkifika nyumbani

Kabla hajalala mpapase mwili mzima kwa vidole: ndani ya masikio, makwapani, chini ya mkia, katikati ya vidole. Kupe mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute wima bila kumzungusha. Usimpake mafuta ya taa. Nyayoni tafuta mbegu za nyasi zenye ncha, zinazochimba mpaka kuwa jipu, na funza, ambao vumbi la kiangazi huwazidisha. Akitikisa kichwa mfululizo, mbegu imeingia sikioni. Usiichokonoe kwa kijiti, mpeleke kwa daktari.

Kisha mfuatilie wiki tatu. Homa za kupe hazitokei kesho yake. Akikataa kula, ufizi ukipauka, au mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo, umwambie tarehe mliyopanda na sehemu mliyopita.