Kocha mchezaji: namna ya kuongoza timu ya mchangani ukiwa bado umevaa njumu

Timu nyingi za mchangani humkabidhi ukocha mchezaji mkongwe kwa sababu hela ya kumlipa mtu wa nje haipo. Kazi yenyewe inawezekana. Msimu wa 1985–86 Kenny Dalglish aliifanya pale Liverpool: alifunga mwenyewe bao la ubingwa nyumbani kwa Chelsea, kisha akabeba na Kombe la FA. Ila alikuwa na watu wazoefu kwenye benchi. Mtaani wengi hukwama hapo hapo: wanakubali cheo kabla ya kupata msaidizi.

Basi anza na msaidizi. Si lazima awe na cheti. Awe anaujua mpira, hachezi, na vijana wanamheshimu. Mpe mamlaka ya kukutoa wewe, na hilo litangazwe mbele ya kikosi kizima. Kuanzia dakika ya 60 akuangalie kwa mambo matatu: mpira ukipotea unarudi kwa kutembea, unavuta jezi ya mtu badala ya kumkimbiza, unanyoosha kidole mahali ulipotakiwa kufika mwenyewe. Akiona mawili kati ya hayo, unatoka, bila kubishana. Ukijibakiza na mguu umekwisha, beki wa pembeni yako anakaba watu wawili, na kijana aliye benchi anaona umemwibia nafasi. Wiki ijayo huyo haji mazoezini.

Kumbuka pia sheria. Mchezaji akipewa kadi nyekundu haruhusiwi kubaki hata kwenye eneo la benchi la ufundi, kwa hiyo kadi moja inaiondolea timu mchezaji na kocha kwa pamoja. Kumfokea mwamuzi mwachie nahodha, tena nahodha asiwe wewe. Kwenye mashindano ya ndondo, yale ya mtaani, uliza katika kikao cha maandalizi kama aliyetoka anaruhusiwa kurudi. Kwenye ligi, ukitoka umetoka.

Namba inayokufaa ni sita, yaani kiungo mkabaji, au beki wa kati, kwa sababu mchezo wote uko mbele ya macho yako. Winga huona upande mmoja tu. Uwanjani tumia maneno mafupi: "panda", "geuka", "mtu nyuma". Mengine yasubiri mapumziko. Dakika 3 za kwanza ni maji na kimya, halafu msaidizi aseme alichoona, maana yeye ameona mechi nzima. Wewe ongeza mambo mawili, basi.

Mazoezini kosa kubwa ni kucheza kila zoezi. Nani atawatazama wenzako? Kwa wachezaji 18 na dakika 75, panga hivi: dakika 15 za kupasha misuli, 20 za duara (makundi matatu ya watu sita: wanne nje wanapasiana, wawili katikati wanausaka mpira), 25 za sita kwa sita kwenye mita 40 kwa 30, zamu za dakika 4, timu inayosubiri ikipiga kona goli la upande wa pili, 15 za mwisho ni mipira ya kutengwa. Ingia zamu mbili za sita kwa sita, muda uliobaki simama nje na daftari. Unahitaji koni 16, mipira 6 na vizibao vya rangi mbili. Mpira usijazwe upepo mpaka uwe jiwe: bonyeza kwa gumba zote mbili, uingie kidogo. Kwenye kiwanja kigumu mpira uliojaa sana hudunda juu, na pasi za chini zinakufa.

Kikosi kipange usiku wa kuamkia mechi, si uwanjani huku kila mtu akikuangalia usoni. Andika majina kumi kwanza, bila lako. Kisha jiulize la 11 ni nani. Likija la kijana, liandike, nawe ukae benchi siku hiyo. Hela za michango ashike mtu mwingine kabisa.

Kozi ya leseni ya ukocha usiisubiri mpaka ustaafu kucheza. Ngazi ya kwanza ya leseni za CAF, shirikisho la mpira Afrika, ni D; ulizia chama cha mpira cha mkoa wako itafanyika lini, na omba wakati ligi imesimama, kwa sababu mchana wa kozi na jioni ya mechi havipatani. Nenda na njumu zako: mafunzo ya vitendo hufanyika uwanjani, na utaitwa kuendesha zoezi mbele ya wenzako.